Kiti cha Jimbo la Mashariki

Bwana Mhariri ameniomba niandike katika toleo hili maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki, nami nimemchagua Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Najua baadhi yenu mtanung'unika. Mtasema kwamba habari zake mmezisikia tangu darasa la kwanza, na kwamba kila ifikapo Oktoba 14, siku aliyofariki mwaka 1999, hakuna redio isiyomtaja. Hiyo ni kweli. Lakini mara nyingi tunamsikia akiwa Rais, kana kwamba alizaliwa Ikulu. Mimi nataka kusimulia habari za viti vitatu alivyovikalia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika kabla ya Uhuru. Cha kwanza aliazimwa, cha pili alipewa akakirudisha, na cha tatu alikipata kwa kura za watu.

Sababu ya kulichagua jambo hili ni swali nililoulizwa darasani muhula huu na kijana mmoja wa kidato cha pili. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba mwaka 1958 Mwalimu alichaguliwa kuwa mjumbe wa Jimbo la Mashariki. Kijana akasimama, akauliza kwa adabu ilikuwaje mtu wa Butiama akachaguliwe na watu wa Morogoro na Bagamoyo, na hao walikuwa wamekosa mtu wao? Darasa zima likacheka, lakini mimi sikucheka. Hapa Morotonga, na kote Serengeti na Tarime, sisi tunajua vizuri jinsi jina la ukoo linavyopimwa wakati wa uchaguzi. Swali lilikuwa la maana, nami sikuweza kulijibu lote kabla ya kengele. Basi jibu langu ni hili.

Mwanzo wa maisha yake nitaupitia upesi. Alizaliwa Butiama mwezi Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na mama yake Mugaya. Butiama si mbali nasi: ukitoka Mugumu kupita Natta kwenda Makutano utaipita njiani. Shule aliianza akiwa na miaka 12, pale Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Mwaka 1937 akaenda Tabora, kisha Makerere kuanzia 1943. Akarudi Tabora kufundisha katika shule ya misheni ya St Mary's, na mwaka 1949 akasafiri kwenda Edinburgh, Uskochi, akarudi na shahada mwaka 1952. Alipoajiriwa kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, alikuwa kijana wa miaka 30 tu.

Uchaguzi wake wa kwanza wa maana haukuwa wa Serikali. Ulikuwa wa chama cha Tanganyika African Association, Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglo, Dar es Salaam. Wanachama walipiga kura kumtafuta Rais wa chama, naye akamshinda Abdulwahid Sykes, mwenyeji wa mji, mtoto wa mmoja wa waanzilishi wa chama chenyewe. Mara moja hapo utaona jambo la ajabu. Mgeni kutoka bara, mwalimu wa shule ya Wakatoliki, alikabidhiwa chama na watu wa mjini ambao wengi wao walikuwa Waislamu wa pwani. Wala Sykes hakununa akajitenga. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kilipogeuzwa kuwa TANU, yeye alikuwa mmoja wa waliokuwapo, na Nyerere akawa Rais wake.

Mwaka huo huo wa 1954 ndipo alipokalia kiti cha kwanza. Mjumbe mmoja wa Baraza, Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma, alikuwa ameitwa katika Tume ya Kifalme iliyochunguza habari za ardhi na uchumi wa Afrika ya Mashariki. Nafasi yake ilihitaji mtu wa kuishika kwa muda, na Gavana Sir Edward Twining akamteua Nyerere. Kilikuwa kiti cha kuazima, na mwenyewe aliporudi, mwazimaji aliinuka. Machi 1955 Nyerere akaenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilimpasa kuchagua baina ya ualimu na siasa, akaacha ualimu. Alirudi nyumbani Mara, akakaa miezi kadhaa, na kwa muda akamfundisha Kizanaki padre mmoja wa Maryknoll. Nawaomba wanafunzi walitazame jambo hili. Mtu aliyekuwa ametoka kuhutubia Umoja wa Mataifa alikuwa kijijini anamfundisha Mmarekani kusema lugha ya mama yake, naye hana mshahara wa kudumu.

Sasa nije kwenye kiti cha pili. Ili kukielewa lazima kwanza mjue Baraza lilivyokuwa. Kuanzia mwaka 1955 wajumbe wasio wa Serikali walikuwa 30: Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10. Serikali iliuita mpango huo usawa. Tazameni usawa wenyewe. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1957 Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8 na nusu, Waasia na Waarabu kwa pamoja karibu laki moja, na Wazungu kama elfu 20. Tena hao 30 wote kwa jumla walikuwa wachache kuliko wajumbe wa upande wa Serikali, ambao waliketi kwa amri ya Gavana. Mwaka 1956 kilianzishwa chama cha kuutetea mpango huu, United Tanganyika Party, yaani UTP, nacho kilipendwa sana na Gavana Twining.

Mwanzoni mwa 1957 Serikali ilimpiga Nyerere marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Kisha, mwezi Julai mwaka huo huo, Gavana yule yule akamteua kuwa mjumbe wa Baraza, pamoja na Rashidi Kawawa. Wako waliosema wakati huo kwamba Gavana alikusudia kumtuliza kwa kumpa kiti. Mimi sikuwamo moyoni mwa Gavana, lakini sioni ubaya wa kudhani hivyo. Nyerere alikipokea. Akajaribu kuitumia sauti yake mle ndani kuirekebisha sheria ya uchaguzi uliokuwa unakuja na kutaka Serikali yenyewe ibadilishwe muundo. Kila alichopendekeza kilikataliwa. Miezi minne au mitano hivi baada ya kuingia, Desemba 1957, akajiuzulu. Alieleza kwamba yeye alikuja na moyo wa kusikilizana, lakini hakuona upande wa pili ukisogea hata hatua moja, na kwamba kuendelea kukaa kungekuwa ni kuwadanganya watu waliodhani kuna kazi inayofanyika.

Nimefundisha habari hii miaka mingi, na kila mara napenda kusimama hapa kidogo. Kiti katika Baraza hilo kilikuwa heshima kubwa, na Waafrika waliokipata walihesabika kwa vidole. Naye hakuwa na kazi nyingine ya mshahara. Kukiacha halikuwa jambo jepesi kama linavyoonekana tukilisoma leo katika mstari mmoja wa kitabu.

Jambo lililomchukiza zaidi lilikuwa sheria ya kura tatu. Uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika ulipangwa kufanyika kwa zamu mbili, nusu ya nchi Septemba 1958 na nusu ya pili Februari 1959. Nchi iligawanywa katika majimbo 10 ya uchaguzi, na kila moja lingetoa wajumbe watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Kila mpiga kura alitakiwa kumchagua mmoja katika kila kundi. Ukimpigia Mwafrika wako peke yake ukawaacha wengine, karatasi yako iliharibika. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Ilikupasa uwe na umri wa miaka 21, na juu ya hilo uwe umesoma mpaka darasa la nane, au uwe na mapato ya paundi 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au uwe umeshika cheo fulani kama uchifu. Nchi nzima ilipoandikishwa, majina yalifika kama elfu 59 tu. Mkulima hodari wa mtama wa Ikoma au Ngoreme, mwenye wake, watoto na ng'ombe zizini, lakini asiyejua kalamu wala kupokea shilingi 3,000 kwa mwaka, hakuhesabiwa. Nao mama waliowabeba mgongoni viongozi wetu, wengi wao hawakuhesabiwa.

Basi TANU ilikutana Tabora Januari 1958 kuamua la kufanya. Ulikuwa mji alikosoma na alikofundisha, lakini safari hii hakukuta darasa la kumsikiliza. Wajumbe wengi walifika wakiwa wameazimia kuususia uchaguzi, na wengine walitaka mgomo wa nchi nzima. Maneno yao yalikuwa na nguvu. Sheria ilikuwa ya dhuluma, na Rais wao mwenyewe alikuwa amejiuzulu mwezi uliopita kwa sababu ya dhuluma hiyo hiyo. Ingekuwaje tena awaombe waikubali? Nawaambieni wazi, kama ningekuwa kijana katika mkutano ule, nadhani ningeukaa upande wao.

Nyerere alisimama upande mwingine. Hakuisifu sheria. Aliwaonyesha tu kitakachotokea wakiisusia. Viti havitabaki vitupu, maana UTP itavikalia vyote, na Waafrika watakaokaa humo watakuwa ni wale waliopendwa na UTP, kisha Serikali itauambia ulimwengu kwamba nchi imekwisha kuchagua. Kuitoa UTP baada ya hapo kutachukua miaka. Nao mgomo ukizaa fujo, Serikali itapata sababu ya kukifunga chama, na hilo halikuwa jambo la kubuni, maana huko Usukumani, katika Jimbo la Ziwa ambalo sehemu zetu hizi zilikuwa ndani yake, TANU ilikuwa imenyimwa ruhusa tangu mwisho wa 1954.

Tena kulikuwa na hesabu. Nataka wanafunzi waifuate, kwa kuwa ndiyo niliyoiandika ubaoni. Tuseme daftari la mahali fulani lina majina 100: Waafrika 60, Waasia 25, Wazungu 15. (Tarakimu hizi ni mfano wangu tu.) Wazungu wawili wanagombea kiti cha Wazungu. Wa kwanza anapendwa na Wazungu wote na Waasia wote, basi ana kura 40. Wa pili anapendwa na Waafrika tu, ana kura 60, naye ndiye mjumbe. Vivyo hivyo kiti cha Waasia. Maadam katika daftari la nchi Waafrika walikuwa ndio wengi, na kila mmoja alilazimishwa kupiga kura tatu, chama chenye Waafrika kingeweza kuvichagua viti vyote vitatu. Kamba iliyosokotwa kuifunga TANU ilikuwa na ncha mbili, na moja ilikuwa mkononi mwa TANU.

Mkutano ukapiga kura, na shauri la kuingia katika uchaguzi likashinda. Chama baadaye kiliuita uamuzi wa busara. Lakini haukupita bure. Zuberi Mtemvu, aliyekuwa mtumishi wa TANU tangu siku za mwanzo, aliona kwamba chama kimeuza haki ya Waafrika, akatoka na kuanzisha chama chake, African National Congress. Hakuwa mjinga wala msaliti, na mimi sipendi vitabu vinavyomtaja kwa dhihaka. Aliliona lile lile aliloliona Nyerere, kwamba sheria ni mbaya, akafuata njia nyingine.

Mambo hayakwisha hapo. Mwezi wa Mei 1958 gazeti dogo la chama, Sauti ya TANU, lilitoa makala ya Nyerere iliyowashutumu maofisa wawili wa wilaya. Akashtakiwa kwa kashfa. Kesi ilisikilizwa Dar es Salaam kuanzia Julai, akitetewa na D. N. Pritt, mwanasheria mashuhuri kutoka Uingereza. Wiki hizo hizo Gavana mpya, Sir Richard Turnbull, alikuwa ndiyo kwanza anafika kushika mahali pa Twining. Agosti hukumu ikatoka: alipe faini ya shilingi 3,000 au afungwe miezi sita. Angalieni tarakimu hiyo, ni sawasawa na mapato ya mwaka yaliyompa mtu haki ya kupiga kura. Uchaguzi ulikuwa umebakia kama mwezi mmoja. Angechagua kifungo angekuwa shujaa wa nyimbo, lakini mgombea wa Jimbo la Mashariki angekuwa gerezani siku ya kura. Faini ikalipwa.

Sasa turudi kwa kijana wangu wa kidato cha pili. Jimbo la Mashariki lilichukua Morogoro, Kilosa, Bagamoyo, Rufiji na sehemu za jirani. Mpinzani wa Nyerere katika kiti cha Waafrika alikuwa Patrick Kunambi, Mluguru mwenye jina kubwa kwao, mtu aliyesoma, naye alikuwamo katika wale walioianzisha TANU Julai 1954. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kudharauliwa. Kama kura zingefuata ukoo, Mzanaki asingekuwa na la kufanya katika milima ya Uluguru.

Kura zilipohesabiwa Septemba 1958, Nyerere alikuwa na zaidi ya 2,600, na Kunambi kama 800.

Utasema kura 2,600 ni chache. Ndiyo, leo diwani wa kata huweza kuzipata. Lakini kumbukeni kila karatasi ilipigwa na mtu aliyepita katika lile tundu jembamba la shule na mapato, na waliopiga hawakuwa Waafrika peke yao. Waasia na Wazungu wa jimbo walilazimika nao kuchagua Mwafrika mmoja. Naye hakuwa akitoka mbali nao sana: aliishi Dar es Salaam, na Pugu alikokuwa amefundisha ilikuwa jirani. Walimjua kwa sauti yake kabla ya kuuliza kabila lake. Katika majimbo yote matano ya zamu ile, viti 15 vilikwenda kwa TANU au kwa Waasia na Wazungu waliokubaliwa na TANU. Kaskazini aliingia Sophia Mustafa, mwanamke wa Kiasia, aliyeandika baadaye kitabu juu ya mambo hayo. Mwenyekiti wa UTP mwenyewe, Ivor Bayldon, alishindwa huko Nyanda za Juu Kusini. Februari 1959 zamu ya pili ikawa vivyo hivyo, na UTP haikuonekana tena.

Oktoba 1958 Gavana Turnbull aliliambia Baraza kwamba ule usawa wa 10 kwa 10 hautakuwa wa kudumu. Nyerere akawa kiongozi wa wajumbe waliochaguliwa, na mwaka 1959 wenzake walipotiwa katika uwaziri yeye alibaki nje kuwaongoza. Uchaguzi wa Agosti 1960 ulifanywa kwa sheria nyingine, na kura tatu zilikuwa zimekwisha kufa. Viti vilikuwa 71. TANU ilipata 70, na 58 kati ya hivyo havikuwa na mpinzani hata mmoja.

Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Huko chama kiliwaletea wenyeji mgombea wake rasmi, na wao wakamchagua Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama bila idhini ya chama. Mimi nakipenda sana kiti hiki cha Mbulu. Kilionyesha kwamba watu wanaweza kukipenda chama na bado wakamkataa mtu kiliyemleta. Katika uchaguzi wa 1965, nchi ikiwa tayari ya chama kimoja, karibu kila jimbo liliwekewa wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na mawaziri wawili waliangushwa. Hata hivyo sitawaficha upungufu. Kwa kiti cha Rais hapakuwa na wa pili. Tangu 1965 hadi 1990 mpiga kura alipewa jina moja tu, aseme ndiyo au hapana. Mtu aliyeshindana na Sykes, na Kunambi, hakupata tena mshindani kwa miaka yake yote iliyosalia Ikulu. Alipostaafu urais mwaka 1985 na uenyekiti wa chama mwaka 1990, alikuwa miongoni mwa waliosema waziwazi kwamba mlango ufunguliwe, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Walimu wenzangu hatukubaliani juu ya miaka ile, nasi hubishana mpaka chai ikapoa.

Limebaki jambo moja ambalo kijana hakuliuliza. Sisi wa huku tulimpigia kura lini? Mwaka 1958 haikuwezekana, kwani alikuwa mgombea wa Jimbo la Mashariki. Nchi yote kwa pamoja ililipigia kura jina lake kwa mara ya kwanza Novemba 1962, Tanganyika ilipokuwa inatafuta Rais wa Jamhuri. Safari hiyo hapakuwa na sharti la darasa la nane wala la shilingi 3,000. Mpinzani wake alikuwa Zuberi Mtemvu, yule yule wa Tabora, wakakutana tena baada ya miaka karibu mitano, si kwa hoja ukumbini bali kwa kura. Mtemvu alipata 21,276. Nyerere alipata 1,127,978, na ndani ya hesabu hiyo zimo kura za wazee wa Butiama, Ikoma na Ngoreme waliokwenda kuzipiga bila ya kujua kusoma.